Bei ya Mtumbwi: Msafiri Mwenye Mali Chache katika Maniema, Kutoka Nyangwe hadi Kibombo

Neno ‘rahisi’ lina maana mbili katika Kiswahili. Kitu rahisi ni kile chenye bei ndogo, na jambo rahisi ni lile lisilo na ugumu. Katika Kiarabu, ambako neno lilitoka, habari ni ya bei. Maana ya pili imestawi zaidi katika Kiswahili chenyewe, na leo kwa wasemaji wengi ndiyo inayotangulia. Wanaoandika juu ya safari za bara katika karne ya 19 mara nyingi huziacha maana hizo mbili zichanganyike. Husoma katika shajara ya msafiri kwamba kuku alinunuliwa kwa shanga chache, kisha huhitimisha kwamba safari ilikuwa nyepesi kwa mtu aliyejua kupatana bei. Mambo yaliyotokea kando ya mto Lualaba kati ya 1871 na 1876 hayakubaliani na hitimisho hilo. Chakula kilikuwa na bei ndogo, tena ndogo sana. Kilichokosa bei ni mtumbwi.

Mji wa Kibombo, makao makuu ya wilaya yenye jina hilo katika mkoa wa Maniema, uko magharibi ya Lualaba, kusini ya Kindu, juu ya njia ya reli iendayo Kongolo. Wenyeji wa wilaya hiyo wengi ni Wakusu. Nyangwe, ambayo kabla ya 1893 ilikuwa soko mashuhuri na kituo cha wafanyabiashara kutoka pwani, iko ng’ambo ya pili ya mto, upande wa kusini-mashariki, mwendo wa siku chache kwa miguu. Kwa hiyo mtu aliyefika Nyangwe akitokea Ujiji alikuwa amekaribia mno nchi ya Kibombo, lakini mto ulikuwa kati. Historia ya unafuu wa safari katika sehemu hii ni historia ya kuvuka mto huo, na ya kujua ni nani aliyelipa ili mwingine avuke kwa gharama ndogo.

Elimu ya mizigo

Kabla ya kufika mtoni, hapana budi kueleza jinsi msafiri wa zama hizo alivyojipangia matumizi. Fedha haikuwa na kazi baada ya kuacha pwani. Msafiri alinunua Unguja vitu ambavyo alitumaini kwamba watu wa bara wangevitaka, akavibebesha wapagazi, na wapagazi hao nao wakawa ni midomo ya kulishwa kila siku. Kila mzigo wa nguo uliongeza uwezo wa kununua na uliongeza pia gharama ya kuubeba. Aliyechukua mizigo mingi alikula mali yake njiani. Aliyechukua michache alikwama. Neno ‘posho’, ambalo leo hutajwa katika ofisi na vikao, lilikuwa katika misafara hiyo hesabu ya nguo au shanga aliyopewa kila mtu ili ajinunulie chakula.

Stanley, alipokuwa akijiandaa Unguja mwaka 1871, alikuwa hajui lolote katika mambo haya, naye akaenda kuwauliza waliojua. Aliambiwa kwamba doti kumi za nguo kwa siku, yaani yadi 40, zingetosha kulisha watu 100. Kwa kipimo hicho akanunua doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki na doti 650 za nguo za rangi, hesabu ya mwaka mmoja. Shanga ndizo zilizomsumbua. Alifundishwa kwamba zile nyekundu, sami-sami, zilipendwa Unyamwezi ambako nyingine zilikataliwa. Nyeusi, zilizoitwa bubu, zilikuwa fedha Ugogo na takataka kwingineko. Zile kubwa zilizofanana na mayai zilitafutwa Ujiji na Uguha tu. Mtu angeweza kuwa tajiri Jumatatu na fukara Alhamisi bila kupoteza punje moja, kwa sababu tu alikuwa amevuka mpaka wa mapenzi ya watu.

Ni makosa kuyaona mapenzi hayo kuwa ni ushamba, kama wasafiri wenyewe walivyopenda kuyaeleza. Waliokataa shanga nyeusi walikuwa na hoja ileile ya mwenye duka anayekataa noti ambayo jirani yake hataipokea. Jambo la namna hiyo lilitokea karibu sana na Maniema zaidi ya miaka 100 baadaye. Oktoba 1993 serikali ya Zaire ilipotoa zaire mpya, moja kwa zaire milioni tatu za zamani, watu wa Kasai waliikataa na kuendelea kutumia noti kuukuu. Mchuuzi aliyetoka mkoa mmoja kuingia mwingine ilimlazimu kujua mpaka wa noti kama vile mpagazi wa 1871 alivyojua mpaka wa sami-sami.

Kutokana na hali hiyo, ujuzi wa msafiri mwenye mali chache haukuwa kubishana sana juu ya bei. Ujuzi ulikuwa kugundua nani anataka nini. Mfano ulio bora ni wa Cameron alipokuwa Kawele, Ujiji, mwaka 1874. Alitaka mashua ya kuzungukia ziwa. Mwakilishi wa Said bin Habib alikuwa na mashua, lakini alitaka kulipwa pembe za ndovu, na Cameron hakuwa nazo. Ikajulikana kwamba Muhammed bin Salib anazo pembe na anataka nguo. Cameron hakuwa na nguo za kutosha. Kisha ikajulikana kwamba Muhammed bin Gharib anazo nguo na anataka masango, zile nyaya nene zilizotumika kama fedha. Masango Cameron alikuwa nayo. Akayatoa kwa bin Gharib, bin Gharib akatoa nguo kwa bin Salib, bin Salib akatoa pembe kwa mwakilishi wa mwenye mashua, na mashua ikapatikana. Wanauchumi wameirudia habari hii mara nyingi ili kuonyesha taabu ya kuishi bila fedha. Yafaa isomwe pia kwa upande mwingine: hao watu watatu walijuana, waliaminiana, na habari za mahitaji yao zilimfikia mgeni bila kufichwa. Cameron alinunua mashua kwa masango na kwa ujirani wa watu wa Ujiji, na huo ujirani hakuulipia.

Lakini mbinu hiyohiyo ilipojaribiwa Nyangwe, haikufua dafu.

Soko la Nyangwe, 1871

Livingstone alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871 akiwa msafiri fukara kwa kila maana. Bidhaa alizotumiwa Ujiji zilikuwa mikononi mwa mtu aliyekuwa akiziuza kwa faida yake mwenyewe, jambo ambalo Livingstone hakulijua hadi aliporudi huko Oktoba ya mwaka ule. Karatasi zilimwishia, akawa anaandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, akikatisha mistari iliyochapwa, kwa wino aliojitengenezea kwa mimea. Maandishi hayo yalififia hata yakawa hayasomeki, na yamefufuliwa kwa kupigwa picha za mianga mbalimbali na kutolewa hadharani mwaka 2011. Kwa chakula na malazi alitegemea kwa kiasi kikubwa hisani ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ambao biashara yao ya watumwa aliichukia. Katika hali hiyo alikaa miezi mitatu na zaidi akitafuta mtumbwi wa kumvusha kwenda magharibi.

Soko alilolikuta lilimstaajabisha. Lilikuwa soko la wanawake zaidi kuliko wanaume. Walifika kwa mamia kutoka pande zote mbili za mto, wakiwa na muhogo, mawese, chumvi, pilipili, samaki, kuku, vyungu na vitambaa vilivyofumwa kwa nyuzi za mimea. Livingstone anaeleza furaha yao katika kupatana bei, kelele zao, vicheko vyao, na jinsi walivyotembea mwendo mrefu na mizigo mizito kwa faida ndogo. Aliona pia jambo lililo kubwa kuliko bei: hata vijiji vilipokuwa na ugomvi, wanawake waendao sokoni walipita salama. Wala haikuwa desturi kuingia sokoni na bunduki.

Lugha yenyewe inayo dalili ya mambo haya. Kitenzi tunachotumia, ‘kupatana’, ni cha kutendana. Mmoja hawezi kupatana peke yake. Bei inayopatikana hivyo ni makubaliano ya watu wawili ambao kila mmoja anaweza kuondoka. Asiyeweza kuondoka hapatani na mtu, hunyang’anywa.

Julai 15, 1871, watu watatu wa Dugumbi waliingia sokoni wakiwa na bunduki. Ilikuwa siku ya joto kali, na idadi ya watu Livingstone aliikisia kuwa kama 1,500. Alishangaa kuona silaha, akataka kuwakemea, kisha akadhani kwamba ni ugeni wao. Alipokuwa akitoka alimwona mmoja wao akibishania bei ya kuku na kumshika kuku yule kwa nguvu. Hakuwa amekwenda mbali milio ya kwanza ilipopigwa. Watu walitupa bidhaa zao wakakimbilia mtoni. Mitumbwi 50 au zaidi ilikuwa imebanana katika kihori kidogo, haikuweza kutoka, na wengine waliendelea kuipiga risasi kutoka ukingoni. Wengi walijitupa majini wakiogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali, wakazama mmoja baada ya mwingine. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Siku hiyohiyo, ng’ambo ya pili, vijiji vilikuwa vikichomwa moto.

Ubishi wa kuku haukuwa sababu ya mauaji yale. Sababu ilikuwa ushindani wa wafanyabiashara wenyewe na nia ya kuwatia hofu watu wa ng’ambo. Hata hivyo si bahati tu kwamba yalianzia hapo. Mtu mwenye bunduki aliyemshika kuku kabla ya kupatana alikuwa tayari amevunja kile kilicholifanya soko la Nyangwe liwe na vitu vya bei ndogo. Mama aliyetoka magharibi ya mto na kikapu cha muhogo aliuza kwa bei nafuu kwa sababu hakuhitaji mlinzi, hakulipa ushuru wa kupita, na alikuwa na hakika ya kurudi nyumbani jioni. Hakika hiyo ndiyo iliyouawa.

Tukumbuke hiyo mitumbwi 50. Livingstone aliiona siku zote za soko, lakini kwa miezi mitatu hakuuziwa hata mmoja. Watu walisema kwamba mgeni huyu hanunui pembe wala watumwa, basi anavuka kutafuta nini kama si kuua? Baadhi ya wafanyabiashara wa Nyangwe walipata mitumbwi, yeye hakupata. Alifikia hatua ya kumwahidi Dugumbi pauni 400 pamoja na bidhaa zake zote zilizodhaniwa kuwa Ujiji, ili apewe watu wengine badala ya wale aliokuwa nao, ambao hawakutaka kwenda mbele. Hilo nalo lilishindikana. Siku tano baada ya mauaji aliondoka kurudi mashariki.

Kwa nini mtumbwi haukuuzwa

Wenye mitumbwi walikuwa Wenya, ambao vitabu vingine huwaita Wagenya. Kazi yao ilikuwa uvuvi, na kuwavusha watu na mizigo. Huduma ya kuvushwa iliuzwa kila siku ya soko kwa malipo madogo, na wanawake wa magharibi waliitegemea. Kuuza chombo chenyewe kwa mgeni mwenye bunduki lilikuwa jambo jingine kabisa. Maadamu mitumbwi ilikuwa mikononi mwa Wenya, mto ulikuwa boma la nchi yote ya magharibi, pamoja na hiyo ambayo baadaye ingeitwa Kibombo. Aliyeuza mtumbwi aliuza mlango wa boma.

Cameron alipofika Nyangwe Agosti 1874 alikuta hali ni ileile. Alikuwa na shanga na nguo, lakini vilivyokubaliwa sokoni kwa jambo kubwa kama mtumbwi vilikuwa watumwa, mbuzi na kauri. Kauri hakuwa nazo. Ilimbidi azitafute kwa gharama kubwa. Zilipopatikana, mwenye mtumbwi alikuwa na hoja nyingine: kauri zikifika nyumbani wake zake wangezichukua kuwa mapambo, naye angebaki bila kauri na bila mtumbwi. Akaeleza tena kwamba kauri hukaa bure ndani mpaka upatikane mtumwa wa kununuliwa kwazo, ambapo mtumwa anaweza kupewa kasia au jembe siku ileile. Cameron hakuwa tayari kulipa kwa watu. Ule mnyororo wa Kawele, masango kwa nguo, nguo kwa pembe, pembe kwa mashua, hapa ulikuwa na pete moja ambayo ni binadamu, na hapo ukakatika.

Yawezekana kwamba maneno ya mwenye mtumbwi yalikuwa hila ya kumkatalia mgeni kwa adabu. Wasomaji wa Cameron wameyacheka maneno yale ya wake na mapambo. Lakini mtu asiyetaka kuuza, na ambaye hapendi kusema ‘sitaki’ mbele ya mtu mwenye nguvu, husema mambo ya namna hii katika kila soko la Afrika ya Mashariki hadi leo. Ushahidi tulio nao ni wa mnunuzi peke yake. Mkataaji hakuandika shajara.

Upande wa tatu, ule wa wafanyabiashara, umeandikwa kwa Kiswahili, na kwa hiyo una thamani ya pekee kwa wanafunzi wa lugha hii. ‘Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip’, yaliyochapishwa na Brode mwaka 1902 na 1903 na kutolewa tena na Whiteley mwaka 1958 na 1959, ni kitabu cha mtu aliyejua bei ya kila kitu. Tippu Tip husimulia safari kama hesabu: alikopa kiasi gani, alinunua pembe kwa nini, nani alimlipa na nani hakumlipa. Habari ya mapatano yake na Stanley mwaka 1876 ni mfano mzuri. Stanley aliandika kwamba walikubaliana reale 5,000 kwa vituo 60, kila kimoja mwendo wa saa nne. Tippu Tip anataja reale 7,000. Tofauti hiyo ya reale 2,000 haijapata kuondolewa. Wote wawili walikuwa hodari wa kutia chumvi, lakini ni mmoja tu aliyekuwa na mazoea ya kukumbuka madeni.

Stanley naye aliujua ugumu wa mtumbwi, na alijiandaa kwa namna ya mtu mwenye mali. Alibeba mashua yake, Lady Alice, vipande vipande kutoka pwani. Novemba 19, 1876 msafara ulivuka kuingia magharibi, kaskazini ya mahali Kibombo ilipo sasa, kwanza kwa mashua hiyo na kisha kwa mitumbwi ya Wenya. Mwezi uliofuata, Vinya-Njara, alihitaji vyombo vya watu wote 149 aliokusudia kuteremka nao mto. Hakuvinunua. Usiku mitumbwi ya wenyeji ilifunguliwa kamba na kutekwa, na amani ilipofanywa, mitumbwi 23 ikabaki kwake. Mtu akipiga hesabu ya safari hii maarufu, atakuta kwamba kitu cha ghali kuliko vyote ndicho kilichopatikana bure.

Miaka iliyofuata wafanyabiashara wa Kasongo na Nyangwe walienea magharibi hadi Lomami na kuipita. Boma la mto lilikuwa limebomoka. Pamoja na bunduki na minyororo ulikuja mpunga, ambao hadi sasa ni zao kuu la Maniema, na lugha ambayo watu wa Kongo waliiita Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Nyangwe ilitekwa na jeshi la Dola Huru ya Kongo Machi 1893, na Kasongo mwezi uliofuata. Soko likahamia kwingine.

Nauli iliyoandikwa

Mahali lilikohamia palitegemea reli. Kampuni ya reli iliyojulikana kwa herufi zake, CFL, iliundwa mwaka 1902 chini ya mfanyabiashara Empain. Njia ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ilikamilika mwishoni mwa 1910, ikapita magharibi ya mto na kukifanya Kibombo kituo. Sehemu ya Kabalo hadi ziwa Tanganyika ilikwisha 1915. Msafiri kutoka Ponthierville aliweza sasa kupanda meli hadi Kindu, garimoshi hadi Kongolo, meli tena, na garimoshi tena hadi ziwani, kila mahali akilipa nauli iliyoandikwa.

Nauli iliyoandikwa ni jambo jipya linalostahili kutazamwa. Haipatani na mtu. Tajiri na maskini wa daraja moja hulipa sawa, na karani wa tikiti hajali kama unataka sami-sami au bubu. Kwa upande huo reli iliwapunguzia wengi gharama, kwani mzigo wa mpunga uliohitaji mabega ya watu wengi kwa siku nyingi ulifika Kindu kwa muda mfupi. Kwa upande wa pili, fedha ya nauli ilipatikana kwa kazi iliyopangiwa bei na wengine, na kodi ililipwa kwa fedha hiyohiyo. Mkulima wa Kibombo hakuwa na nafasi ya kusema, kama yule Mwenya, kwamba malipo haya hayamfai.

Kupatana kulibaki dirishani mwa mabehewa. Katika vituo vya njia hiyo, abiria wenye fedha chache wamezoea kununua chakula kinapotoka na kukiuza kinapohitajika. Kwa faida hiyo hufidia sehemu ya nauli. Hapo hukutana Viswahili mbalimbali. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, na kwa wasemaji wengi wa mashariki ya Kongo, ‘kuuza’ ni kununua, na anayetoa bidhaa ‘huuzisha’. Mtu wa Kigoma au Dar es Salaam anayetangaza kwamba anauza mchele anaweza kuzungukwa na watu waliomletea mchele. Wenye kuhukumu haraka wataliita hilo kosa la sarufi. Lakini mfumo wake ni kamili: kitendo kimoja cha biashara, na kiambishi cha kusababisha kinachomtenga yule anayemfanya mwenzake anunue. Halafu kuna ‘matabishi’, ile nyongeza anayoitarajia mnunuzi baada ya bei kukubaliwa, neno lililofika Kongo kutoka kwa Wareno. Mgeni asiyelijua hulipa bei sawa na mwenyeji na bado hupata kidogo kuliko yeye.

Reli iliingia mikononi mwa shirika la taifa mwaka 1974 na ikazidi kuzorota. Vita vilivyoanza 1998 viliikata kabisa. Kindu ilitekwa na waasi wa RCD Oktoba mwaka huo, na kwa muda mrefu mji ulizungukwa na wapiganaji wa Mai-Mai walioshika mashamba na njia. Bidhaa za viwandani zilifika kwa ndege, na chumvi ikawa kitu cha kupimwa kwa uangalifu. Garimoshi lilirudi baada ya vita, lakini kwa vipindi visivyotabirika, na abiria husubiri siku nyingi bila kujua saa ya kuondoka.

Hapo ndipo baiskeli, ambayo Wakongo wengi huiita ‘kinga’, ilipochukua nafasi ya mpagazi na ya behewa. Mchuuzi hufunga magunia ya mpunga na madumu ya mawese mpaka mzigo unauzidi uzito wake mwenyewe, huifunga fimbo kwenye usukani, naye huisukuma kwa miguu kati ya Kibombo na Kindu, kisha hurudi na chumvi, sabuni na nguo. Kwa hesabu ya fedha huo ndio usafiri wa gharama ndogo kuliko wote: hauna nauli, hauna mafuta. Gharama yake hukaa kifuani na magotini mwa msukumaji, na haiandikwi popote. Njiani kuna vizuizi ambapo hutozwa malipo. Katika misafara ya zamani malipo ya kupita yaliitwa ‘hongo’, nayo yalikuwa haki ya mwenye nchi, yakijadiliwa hadharani na kuagwa kwa ngoma. Leo neno hilo ni jina la rushwa. Kamusi zimeandika mabadiliko hayo kwa mstari mmoja; msukumaji wa kinga huyalipia katika kila kizuizi.

Kindu yenyewe imekaa pande zote mbili za mto. Mitaa yake mikuu na stesheni viko magharibi, na Alunguli iko mashariki. Anayetoka Kibombo na mzigo anaotaka kuuuza Alunguli hufika ukingoni na kumwita mwenye mtumbwi. Wanapatana nauli yake na ya kinga, naye huvushwa. Mtumbwi hauulizwi bei.